Denti, una swali? Lipime mwenyewe!

WIKI hii naongea na madenti. Ninyi mnaobukua usiku kucha, kesho mnamwaga majibu kwenye mtihani, keshokutwa mmesahau kila kitu, sogeeni karibu. Wazazi nao wakitega sikio si vibaya.

Hivi umewahi kuuliza swali darasani, wenzio wakaangua kicheko? Basi hauko peke yako. Yalimkuta Erasto Mpemba.

ASKRIMU YA MAGAMBA
Mwaka 1963, Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Sekondari ya Magamba. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea askrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friji. Siku moja nafasi ilikuwa finyu na kila mtu anagombea yake. Mpemba hakusubiri. Akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu, yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake aliyetia maziwa yasiyochemshwa bado ni uji uji.

Akamuuliza ticha, akaambiwa amechanganyikiwa. Wengi wetu tungeishia hapo. Yeye alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akachekwa tena. Akaingia mwenyewe maabara, akachukua vyombo viwili, kimoja maji ya moto, kingine ya bomba, akaviweka kwenye friji na kutazama. Siku Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipotembelea shule yao, kijana akanyanyuka na swali lilelile. Wenzake wakacheka, lakini mgeni hakulidharau. Aliporudi chuoni, likapimwa. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja katika jarida la fizikia, na mpaka leo duniani jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba.

Je, ubishi umeisha? Wapi! Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kiliitisha shindano la kueleza sababu, yakaja majibu zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden wakasema wamepima kwa uangalifu na hawakuliona, tena kipimajoto kikisogezwa kidogo tu majibu yanaweza kubadilika. Swali la denti mmoja, na wakubwa bado wanakuna vichwa.

MCHICHA WA BI MKUBWA
Usidhani lazima uwe na friji. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu, na bi mkubwa ana genge la mboga. Jioni mchicha uliobaki unakuwa umenyauka, na kutupa mchicha ni kutupa nauli ya shule. Binti akauliza: tukiufunika kwa gunia bichi, hautakaa zaidi kuliko ule wa kunyunyiziwa maji tu?

Mshua akaja juu. "Mtihani wa mwakani utakuuliza habari za genge?" Nilimwelewa mzee, maana kwetu binti akifeli hakuna akiba ya kumrudisha shule. Nikamsimulia habari za Mpemba. Akaguna, kisha akakubali kwa sharti: vipimo havitamla muda wa masomo.

Basi kila asubuhi binti alichukua mafungu mawili ya mchicha yenye uzito sawa. Yote kivulini, pembeni kwa pembeni. Moja likafunikwa gunia bichi, jingine likanyunyiziwa maji. Jioni anayakung'uta maji, anayapima kwenye mizani ya genge, anaandika. Wiki nne, hakuna kuruka siku.

Siku za jua kali, gunia lilishinda bila ubishi. Ikanyesha mvua siku kadhaa mfululizo, tofauti ikapotea. Binti akanyong'onyea, akataka kuzifuta siku hizo. Nikamwambia thubutu! Akarudi kwenye kitabu cha fizikia na jibu likajitokeza: maji ya kwenye gunia yanapogeuka mvuke huondoka na joto. Hewa ikishajaa unyevu, hayakauki upesi, na gunia halipozi. Zile siku zilizomkera ndizo zilizomfundisha.

UKITAKA KUANZA
Kwanza, chagua swali dogo linalokugusa. Achana na habari za kumaliza umaskini Afrika, anza na bomba la uani kwenu. Pili, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukiweka fungu moja juani na jingine kivulini, hutajua ni gunia au ni jua. Tatu, rudia, rudia tena. Nne, andika kila kitu siku hiyohiyo, hata yanayokuudhi. Na usipike namba! Denti anayepika namba hana tofauti na anayeingia na kibomu kwenye mtihani.

Tano, tafuta ticha mmoja wa kukukosoa. Ukiiva, yapo majukwaa kama Young Scientists Tanzania, lililoanzishwa mwaka 2011, ambako madenti wa sekondari hupeleka kazi zao. Kushinda ni bahati ya ziada.

Mtihani utaupima ubongo wako kwa maswali ya watu wengine. Nani atalipima lako? Na mwenzio akisimama kuuliza, punguza kicheko. Pengine miaka sitini baadaye dunia itakuwa bado inabishana juu yake.

Haya, kamata daftari. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.