Mmea unaponyauka huku udongo umelowa

Wengi wetu tukiona lengalenga au nyanya zimenyauka, tunakimbilia bidoni ya maji. Mara nyingi tunafanya vema. Lakini kuna wakati udongo umelowa na mmea bado unanyauka. Hapo kuongeza maji ni kuumaliza kabisa.

Kwanza tuelewe kazi ya maji. Mizizi huyanyonya pamoja na chakula kilichoyeyuka udongoni, na kuvipandisha mpaka kwenye majani. Mmea ukiwa na maji ya kutosha, jani husimama imara. Yakipungua, jani hulegea. Zaidi ya asilimia 90 ya maji hayo hutoka tena kama mvuke kupitia vitundu vidogo sana vya majani. Kwa vitundu hivyo hivyo hewa huingia, na kwa hewa hiyo, maji na mwanga wa jua, mmea hujitengenezea chakula. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni mpaka Agosti, mmea wenye kiu hufunga vitundu hivyo ili usikauke. Unabaki hai, lakini haukui.

Mizizi nayo hupumua. Udongo mzuri una nafasi ndogo ndogo zenye hewa. Mvua ikizidi, au tukimwagilia kupita kiasi, maji hujaza nafasi hizo. Mizizi ikikosa hewa hudhoofika, haiwezi tena kunyonya, na vijidudu vinavyoiozesha hupata njia. Kwa sababu hiyo maharagi yaliyopandwa bondeni hapa Kivu hugeuka manjano na kufa katikati ya maji mengi.

Mtu atauliza: mbona mpunga wa uwanda wa Ruzizi husimama majini na kustawi? Mpunga una njia za hewa ndani yake, zinazoteremsha hewa kutoka majani mpaka mizizi. Maharagi hayakuumbwa hivyo.

Basi tufanye nini? Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole udongoni. Pakiwa pakavu ndani, mwagilia mpaka maji yafike kwenye mizizi. Pakiwa na matope, acha. Chimba mfereji, na msimu ujao panda juu ya matuta. Mwagilia asubuhi, chini penye shina, kwa maana majani yakilala na unyevu, ugonjwa wa milidiu hushika nyanya na viazi kwa urahisi. Usiache nyanya zikauke sana kisha uzimwagie mengi kwa mara moja, matunda yatapasuka. Funika udongo kwa majani makavu ili unyevu udumu.

Bidoni ya lita 20 hubebwa mgongoni na mama zetu na binti zetu, mara nyingi kutoka mbali. Haifai jasho lao liishie kuozesha maharagi ambayo nyumba nzima inayangojea.