Kitufe ambacho dereva wa gari la kasi hafai kukizima kwa pupa

KATIKA milima ya Eifel, magharibi mwa Ujerumani, kuna mkondo wa mbio za magari uitwao Nordschleife. Ulifunguliwa mwaka 1927, una urefu wa kilomita 20.8 na hupita katikati ya msitu. Bingwa wa zamani wa Formula One, Jackie Stewart, aliupa lakabu ya Jehanamu ya Kijani.

Katika baadhi ya siku ambazo hakuna mashindano, mtu yeyote mwenye leseni huweza kulipa ada na kuingia humo na gari lake mwenyewe. Ndiyo sababu foleni ya langoni huwa na magari ya Porsche, BMW na Ferrari ambayo asubuhi yake yalikuwa yameegeshwa mbele ya nyumba za watu. Na miongoni mwa madereva hao wamo ambao, hata kabla ya kuvuka lango, hubonyeza kitufe chenye mchoro wa gari linaloacha alama za mawimbi nyuma yake.

Kitufe hicho ni cha mfumo wa kulinda uthabiti wa gari, ambao watengenezaji wengi huuita ESC au ESP. Kimo pia katika magari mengi ya mtumba yanayoshushwa katika bandari ya Mombasa kutoka Japani, ingawa wenye magari hayo hawana haja ya kukigusa na wengine hawajui ni cha nini. Wanaokizima huko Ujerumani hufanya hivyo kwa imani kwamba dereva hodari hahitaji kusaidiwa na kompyuta. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, na hapo ndipo hatari ilipo.

Mfumo wenyewe hufanya kazi kwa kulinganisha mambo mawili. Kifaa kilichofungwa kwenye usukani huieleza kompyuta dereva anataka kwenda wapi. Vifaa vingine hupima kasi ya kila gurudumu, jinsi gari linavyojizungusha na jinsi linavyosukumwa upande, na hivyo kueleza gari linakwenda wapi hasa. Taarifa hizo zikitofautiana, kompyuta hupunguza nguvu za injini na kufunga breki ya gurudumu moja pekee, jambo ambalo mguu wa binadamu hauwezi kulifanya.

Mkia ukianza kuponyoka, breki ya gurudumu la mbele lililo upande wa nje wa kona ndiyo hufungwa ili kuuvuta mkia urudi. Pua ikikataa kupinda na gari likawa linakwenda moja kwa moja, hufungwa breki ya gurudumu la nyuma la upande wa ndani.

Teknolojia hii, iliyobuniwa na kampuni ya Bosch kwa ushirikiano na Mercedes-Benz, iliingia sokoni mwaka 1995 katika magari ya kifahari. Ilipata umaarufu mwaka 1997 pale jarida la Uswidi, Teknikens Värld, lilipoijaribu Mercedes A-Class kana kwamba dereva anamkwepa kulungu mkubwa barabarani, na gari hilo likapinduka. Kampuni ililazimika kuweka mfumo huo katika magari yote ya aina hiyo. Hivi leo ni wa lazima kisheria kwa magari mapya barani Ulaya na nchini Marekani.

Mbona basi mtu azime kitu chenye manufaa kiasi hicho? Sababu zipo. Mfumo uliotengenezewa barabara ya kawaida huliona gari linaloserereka kidogo kuwa liko hatarini, ilhali katika mkondo wa mbio gari liendalo kasi huserereka kidogo karibu kila kona. Kompyuta hukata nguvu za injini wakati dereva anazihitaji. Isitoshe, breki inazofunga kwa siri huchemka. Dereva hushangaa kwamba baada ya mizunguko michache kikanyagio cha breki kimelegea, wala hajui kwamba kompyuta imekuwa ikifunga breki hizo katika kona ambazo yeye hakuzigusa.

Watengenezaji walitambua tatizo hilo na kuweka ngazi za katikati. Ferrari F430 ya mwaka 2004 ilikuja na kidude cha kuzungusha kwenye usukani, kiitwacho manettino, chenye hatua kuanzia barafu hadi mashindano. Chevrolet nayo iliipa Corvette ZR1 ya mwaka 2010 ngazi tano. Katika ngazi hizo za katikati, gari huruhusiwa kuserereka kwa kiasi fulani kabla ya kompyuta kuingilia kati.

Hata hivyo, ngazi ya katikati si nusu ya usalama wote. Kompyuta huchelewa kwa makusudi, na inapoamua kulikamata gari, huenda kasi ni kubwa mno au lami imekwisha. Nordschleife haina nafasi pana pembeni kama mikondo mingi ya kisasa. Vyuma vya kinga viko karibu, na dereva anayeviharibu hutozwa gharama ya kuvitengeneza. Bima nyingi za kawaida hazilipii ajali za huko.

Njia ya busara kwa anayeanza ni kuuacha mfumo ukiwa umewashwa kikamilifu na kuitazama taa yake ya dashibodi. Taa hiyo humetameta kila kompyuta inapoingilia kati. Wengi huichukia kama kero, ilhali ni mkufunzi asiyelipwa, mradi dereva ajue ilimetameta wapi.

Ikimetameta gari linapoingia kona, aghalabu dereva amekuja na kasi mno, au bado amekanyaga breki kwa nguvu huku akipinda usukani, na uzito wote umehamia mbele ukauacha mkia mwepesi. Dawa yake ni kufunga breki mapema, gari likiwa limenyooka, kisha kuiachia breki polepole.

Ikimetameta katikati ya kona, mara nyingi mikono ndiyo yenye makosa. Tairi za mbele zimekwisha kushindwa, naye dereva anazidi kuzungusha usukani akidhani ataongezewa kitu. Kosa jingine la mahali hapo ni kuingiwa na hofu na kuondoa mguu ghafla kwenye mafuta. Gari lenye injini nyuma, kama Porsche 911, linaweza kurusha mkia kwa kosa hilo moja.

Ikimetameta wakati wa kutoka kwenye kona, mguu wa mafuta umetangulia mikono: nguvu zimeongezwa kabla usukani haujanyooshwa.

Dereva anayezunguka mara kadhaa kwa kasi nzuri bila taa hiyo kuwaka amejifunza jambo. Huyo anaweza kuhamia ngazi ya katikati. Anayeihama ngazi ya kwanza kwa sababu taa inamuudhi anaficha makosa yaleyale.

Kuzima kabisa ni hatua ya mwisho, na inafaa ifanywe katika mkondo wenye uwanda mpana pembeni, mwalimu akiwa kwenye kiti cha pili. Ni muhimu pia kusoma kijitabu cha gari, kwani katika baadhi ya magari neno ‘kuzima’ halimaanishi kuzima kabisa. Mfumo hurudi wenyewe dereva akikanyaga breki kwa nguvu. Breki za ABS kwa kawaida huendelea kufanya kazi.

Wapo wanaodai kwamba wanamashindano halisi hawatumii misaada hii. Ni kweli kwamba Formula One ilipiga marufuku kompyuta ya kuzuia magurudumu yasizunguke ovyo kuanzia msimu wa 2008. Lakini magari ya GT3, yanayoshindana saa 24 katika mkondo huohuo wa Nordschleife, yanayo, pamoja na ABS, na madereva wao hubadilisha viwango vyake kulingana na mvua na hali ya tairi.

Tairi ndizo hasa zinazosahaulika. Kompyuta hugawa tu mshiko ambao mpira unao. Mwigizaji Paul Walker alipofariki mwaka 2013 huko California katika Porsche Carrera GT, gari lililouzwa bila mfumo wa uthabiti, wachunguzi walitaja mwendo wa kasi na tairi zilizokuwa na umri wa miaka tisa. Hata tairi mpya huteleza zikiwa baridi, kwa hivyo mzunguko wa kwanza hufanywa polepole, mfumo ukiwa umewashwa, haidhuru dereva ana ujuzi gani.

Katika magari mengi mfumo hujiwasha upya kila injini inapozimwa na kuwashwa. Dereva aliyepumzika kwa chai akarejea mkondoni anapaswa kuitazama dashibodi kabla ya kona ya kwanza, maana ngazi aliyoiacha huenda siyo atakayoikuta.