CHAGUA DIGRII YA SAYANSI KAMA UCHAGUAVYO MBEGU



Kila mara matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotoka, nyumba nyingi za Pap Onditi na Nyakach nzima huwa na furaha na wasiwasi pamoja. Mtoto amepata alama za kuingia chuo kikuu. Majirani wanakuja kutoa pongezi, kuku anachinjwa, na kesho yake mzee anakwenda zizini kutazama ni ng'ombe gani atakayeuzwa. Lakini mara nyingi swali moja halijaulizwa: mtoto huyu anakwenda kusoma nini, na akimaliza ataweza kufanya kazi gani?

Wewe uliye na shamba kwenye skimu wajua vizuri ya kwamba mkulima mwenye busara hanunui mbegu kwa sababu mfuko wake una picha nzuri. Kwanza huuliza mambo matatu: Inafaa udongo gani? Inakomaa kwa muda gani? Soko lake liko wapi? Maswali hayo hayo ndiyo yafaayo kuulizwa juu ya digrii ya sayansi.

UDONGO: MASOMO ANAYOYAWEZA

Digrii ya sayansi humea juu ya masomo ya sekondari. Wale wanaofanya mtihani wa KCSE hutakiwa kupata C+ au zaidi ili waingie digrii, lakini hiyo peke yake haitoshi. KUCCPS, ambayo hugawa nafasi za vyuo, hutazama pia masomo manne yanayohusu kila digrii. Anayetaka uhandisi lazima awe na nguvu katika hesabu na fizikia. Anayetaka udaktari wa mifugo au kilimo lazima awe na nguvu katika kemia na elimu ya viumbe. Mtoto anayeshindwa na kemia kila muhula hataipenda ghafula kwa sababu baba yake amempangia kuwa daktari.

Kwa watoto wa mfumo mpya, uchaguzi huanza mapema zaidi. Wanapoingia gredi ya 10 huchagua njia moja kati ya tatu, na moja ya hizo ni ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu. Basi usingojee mpaka siku ya mwisho ndipo uulize.

Na kama alama hazikutosha, usivunjike moyo. Ziko stashahada, kama zile za Chuo cha Kilimo cha Bukura, na wengi walioanzia huko wamepanda baadaye hata wakapata digrii.

SOKO: JINA SI KAZI

Hapa ndipo wazazi wengi hupotea njia. Digrii mbili zaweza kuwa na majina yanayofanana, lakini zikafungua milango tofauti. Digrii ya elimu ya ufugaji humfundisha mtu malisho, uzazi na utunzaji wa mifugo; ni elimu nzuri sana, lakini haimfanyi kuwa daktari wa mifugo. Udaktari wa mifugo una digrii yake, ambayo katika Chuo Kikuu cha Nairobi husomwa kwa miaka mitano. Kadhalika, digrii ya baiokemia haimpi mtu ruhusa ya kutibu wagonjwa.

Kazi nyingine zina bodi zinazoandikisha watu wake kwa sheria: Bodi ya Wahandisi na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ni mifano miwili. Kwa hiyo, kabla ya kulipa hata shilingi moja, mtoto na ahakikishe mambo mawili: kwamba chuo na digrii yenyewe vinatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na kwamba bodi ya kazi hiyo inaikubali digrii hiyo. Kijana aliyesoma miaka mitano kisha akakataliwa na bodi ni kama mkulima aliyevuna gunia mia asipate mnunuzi.

Usidhani ya kwamba kazi za sayansi ziko mbali. Makorongo ya Katuk Odeyo, yanayokula mashamba ya Nyakach, yanahitaji wajuzi wa udongo na maji. Mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu inahitaji wahandisi. Magugu-maji ya ziwani yanahitaji wajuzi wa mimea. Huko Kisian, watu wa KEMRI huchunguza malaria, na huko Kibos huchunguzwa miwa.

Mfano mmoja mkubwa ni Profesa Thomas Odhiambo. Alisoma Maseno, akaenda Makerere, kisha Cambridge, na somo lake lilikuwa wadudu. Wengine wangeweza kucheka na kusema, "Mtu mzima anasoma wadudu?" Lakini mwaka 1970 alianzisha shirika la ICIPE, ambalo lina kituo chake Mbita, kando ya ziwa. ICIPE ndio walioeneza desturi ya kupanda desmodiamu katikati ya mahindi na majani ya nepia pembeni. Desmodiamu humfukuza nondo wa funza wa mahindi na kuzuia kayongo, nayo nepia humvuta nondo atoke shambani. Shamba hilo moja lilihitaji mjuzi wa wadudu, mjuzi wa mimea na mjuzi wa kemia.

MUDA: PALILIA KILA MWAKA

Digrii nyingi za sayansi huchukua miaka minne. Mwaka wa kwanza ndio wenye hatari, kama wiki za kwanza za mche. Mwanafunzi hukuta hesabu na kemia ngumu kuliko za sekondari, na hakuna mwalimu wa kumfuata bwenini. Masomo hayo ni msingi: akianguka katika somo la mwaka wa kwanza, huenda akazuiwa kuingia somo la mwaka wa pili linalolitegemea. Afanye mambo haya:

1. Asikose kazi za maabara. Alama zake huhesabiwa.
2. Akishindwa, amwone mwalimu mapema, asingojee mtihani.
3. Kabla ya kuchagua tawi lake la masomo, awaulize waliokwisha maliza wanafanya kazi gani.
4. Wakati wa kwenda kujifunza kazi nje ya chuo, atafute mahali pa kazi ya kweli, maana hapo ndipo wengi hujulikana na waajiri.

FEDHA

Karo hudaiwa kila muhula, lakini miwa ya Muhoroni hukaa shambani mwaka mmoja na nusu au zaidi. Basi usimalize mifugo yote mwaka wa kwanza kwa ajili ya sherehe na sanduku jipya. Tenga fedha ya maziwa au ya mboga kwa chakula chake cha kila mwezi. Mkopo wa HELB unasaidia, ila mtoto akumbuke ya kwamba ni deni, na litarudishwa.

Mwisho, ndugu mkulima, kabla ya kwenda zizini, keti na mwanao jioni. Usimwambie, "Utasoma hiki." Mwulize, "Mwanangu, udongo wako ni upi? Itakuchukua miaka mingapi? Soko liko wapi?" Akijibu, "Baba, mawili nayajua, la tatu bado," usikasirike. Mpe nauli aende akaulize. Nauli ya kwenda na kurudi ni ndogo kuliko bei ya ng'ombe, na ni ndogo sana kuliko miaka minne ya ujana wake.