Mkwanja wa usajili na kilima cha Kilosa: Usisaini kabla kijiji hakijakaa

BASI la timu likitoka Dar es Salaam kwenda Mbeya kucheza na Tanzania Prisons, kuna sehemu moja ambayo hata mchezaji anayependa kulala hufumbua macho. Ni zile kilomita 50 ambazo barabara kuu inakatiza ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Dereva anapunguza mwendo, maana akigonga mnyama faini inamsubiri, na simu zote zinageuzwa dirishani kupiga picha twiga.

Basi likiingia mji mdogo wa Mikumi na watu wakashuka kutafuta msosi, kinachovuta macho siyo wanyama tena. Ni milima. Kusini kuna Vidunda, magharibi safu ya Rubeho, na ukikata kulia kufuata barabara ya Kilosa utafika hadi uione Ukaguru ikiwa na ukungu kichwani.

Hapo ndoto huanza. Ekari kumi juu ya kilima, nyumba ndogo ya mbao, sola, tangi la maji, mbuzi wachache na njia ya kukimbia asubuhi. Hakuna jirani wala bili ya umeme, na hakuna shabiki wa kukukumbusha ile penalti uliyopaisha.

Ndoto yenyewe siyo mbaya, na wapo walioitimiza kwao. Zlatan Ibrahimović, mpenzi mkubwa wa kuwinda, alinunua kisiwa cha Davensö kwenye ziwa Mälaren huko Sweden. Hapa jirani, mkimbiaji Lornah Kiplagat alianzisha kituo cha mazoezi Iten, Kenya, kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Leo wanariadha kutoka kila kona ya dunia wanakwenda kukimbia kwenye hewa ile nyepesi.

Ila Kilosa siyo Sweden. Na mchezaji wa Bongo ambaye fedha za usajili zimeingia Ijumaa, Jumatatu anaweza kuwa ameshapigwa.

PICHA ZA WHATSAPP

Mchongo huwa unakuja hivi. Dalali anatuma picha tano: kilima, kijito, mawingu, machweo na kilima tena. Bei kwa ekari inaonekana rahisi kuliko viatu vya mechi. Siku hizi ana na hoja ya treni. Tangu SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma mwaka 2024, na Kilosa kuwa na stesheni yake, shamba lililokuwa mbali linauzwa kama liko nyuma ya Ubungo.

Anachotoa mwisho ni karatasi yenye saini mbili na muhuri wa ofisi ya mtendaji wa kijiji. Muhuri wa bluu una nguvu ya ajabu kwa mtu mwenye haraka. Straika anasaini, anatuma pesa kwa simu, anarudi mazoezini.

Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya vilima hivyo, ukitoa misitu na mashamba makubwa ya zamani, ni ardhi ya kijiji, na ardhi ya kijiji ina utaratibu wake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, kifungu cha 8, inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia kwanza. Mkutano mkuu siyo mwenyekiti na mtendaji wakinywa chai. Ni wakazi wote wa kijiji wenye miaka 18 na kuendelea.

Hata ukinunua kwa mwanakijiji mwenye shamba lake la urithi, uhamisho unatakiwa upite kwenye halmashauri ya kijiji. Na muuzaji ana mke. Mke ambaye hakuulizwa ni kesi inayosubiri tarehe.

Kwa lugha ya uwanjani, karatasi ya dalali bila muhtasari wa mkutano ni sawa na kumshusha mchezaji wa kigeni uwanja wa ndege bila ITC. Picha mtapiga, skafu atavaa, lakini hachezi.

Wachezaji wa kigeni ambao Ligi Kuu imejaa nao, wao habari yao ni fupi zaidi. Asiye raia hapewi ardhi Tanzania isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji unaopitia mamlaka husika. Nyumba ya kupumzikia mlimani kwa jina lako haimo. Na anayekushauri uandikishe kwa jina la rafiki, mwogope huyo kuliko beki wa mwisho.

MLIMA WENYEWE HAUUZWI

Kuna jambo jingine ambalo picha haionyeshi. Kile kilele kinachokufanya usimamishe gari, mara nyingi siyo cha kijiji wala cha dalali. Ukaguru na Rubeho ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, na misitu yake ya juu ilishatengwa kuwa hifadhi zamani, kama Mamiwa-Kisara upande wa Ukaguru na Ukwiva upande wa Rubeho. Ukijenga humo, watakaokuja kukuamsha siyo ndege bali maofisa wa misitu.

Vilele vya Ukaguru vinapita mita 2,200. Kilosa mjini ni kama mita 500 tu, na joto lake halina adabu. Kwa hiyo anayekuuzia Iten ya Tanzania kando ya mji anakuuzia jasho. Kule juu kwenye hewa nyepesi ndiko kwenye msitu wa hifadhi, na kinachobaki kuuzwa ni mteremko wa katikati. Mteremko huo una watu: Wavidunda, Wasagara na Wakaguru waliolima hapo vizazi na vizazi. Shamba lililopumzishwa miaka mitatu ili lipate rutuba, kwenye picha linaonekana pori lisilo na mwenyewe.

Kijito nacho kina sheria yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Ile veranda ya kusikiliza maji yakitiririka, pima kwanza kwa futi kamba.

Halafu kuna mashamba makubwa ya mkonge yaliyobaki tangu enzi za wakoloni, mengine yakatelekezwa. Serikali imefuta hati za baadhi ya mashamba hayo wilayani humo. Ukiuziwa kipande humo, huenda aliyekuuzia hana hati tena, au hakuwahi kuwa nayo.

KILOSA INA KUMBUKUMBU

Kwa nini wenyeji wanakuwa wakali jambo la mipaka likiguswa? Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Anayekuja na gari zuri na waya wa kuzungushia uzio anakuta watu wanaojua bei halisi ya ardhi, na hawaihesabu kwa shilingi.

Uzio wenyewe unaweza kufunga njia ya kuchotea maji au ya kupitisha ng'ombe. Kesi ikianza, ni baraza la kijiji, kata, kisha wilaya, wakati mwenye shamba yuko kambini na kocha hatoi ruhusa.

TUSEME UMEPATA KIHALALI

Mkutano ulikaa, muhtasari una majina na saini, mipaka umeitembea na majirani wote wanne, umepewa hati ya hakimiliki ya kimila. Hongera. Sasa swali muhimu kuliko yote: dabi ya Kariakoo utaitazama wapi?

Televisheni ya sola ya inchi 32 na kisimbuzi chake hutumia kama wati 45. Mechi na uchambuzi, saa mbili na nusu, haifiki hata wati-saa 120. Betri moja ya volti 12 yenye uwezo wa 100Ah inatosha na chenji inabaki kwa taa na simu. Shida ni ukungu. Mlimani kuna siku jua halionekani kabisa, na betri ya kawaida ukiinyonya chini ya nusu mara kwa mara inakufa mapema. Nunua mbili, au tafuta banda la kuangalia mpira kijijini, ambako pia utajuana na watu.

Masika, Machi hadi Mei, barabara za mlimani huwa utelezi mtupu. Desemba 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulivunja kingo, ukaigharikisha Kilosa na kung'oa reli. Mtu wa mlimani anahitaji akiba ya chakula na dawa, na bodaboda anayemwamini.

Kwa asiye na haraka, ipo njia ya bei nafuu ya kuujaribu mlima. Ukifika Mikumi usiende Kilosa, kata kushoto barabara ya Ifakara hadi Mang'ula, lango la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa iliyoanzishwa mwaka 1992. Unalipa kiingilio, unapewa mwongozaji, unapanda hadi maporomoko ya Sanje yenye urefu wa mita 170. Fanya hivyo mara mbili, mara moja kiangazi na mara moja mvua ikinyesha.

Ukishuka na bado unataka kilima chako, panda basi la Kilosa. Ofisi ya ardhi ya wilaya iko mjini, na hawachaji kiingilio kukuambia kijiji gani kina mpango wa matumizi bora ya ardhi na mstari wa msitu unapita wapi. Acha simu ya dalali iite.