Je, Wajua? Kucha Zina Mambo!

Hebu tazama kidole chako cha kati. Ukucha wake ndio wenye mbio kuliko yote mkononi! Kwa wastani, kucha za mikono hurefuka kama milimita 3.5 kwa mwezi. Za miguu hazifikishi hata 2. Uking'oka ukucha wa dole gumba la mguu, subiri mwaka mzima au zaidi.

Unajua nani kavunja rekodi ya dunia ya kucha ndefu? Diana Armstrong wa Minnesota, Marekani. Aliacha kuzikata mwaka 1997, na zilipopimwa mwaka 2022, kucha zake kumi zilikuwa na jumla ya mita 13 na ushei! Kuzipaka rangi ni chupa 15 hadi 20. Fikiria bili yake saluni!

Hili nalo sikia vizuri. Mwaka 1975 mwigizaji wa Hollywood, Tippi Hedren, alikuwa akitembelea kambi ya wakimbizi wa Vietnam karibu na Sacramento, California. Akina mama wakawa hawaishi kuzikodolea macho kucha zake. Basi akamleta fundi wake wa kucha, wanawake 20 wakafundishwa kazi. Leo hii zaidi ya nusu ya mafundi wa kucha Marekani wana asili ya Vietnam! Kisa? Kucha za mama mmoja tu.

Zile kucha za ncha nyeupe ziitwazo "French", usidhani zilizaliwa Paris. Ni za Marekani, bwana! Jeff Pink wa kampuni ya ORLY alizibuni miaka ya 1970 kwa waigizaji wa sinema, zikubaliane na kila nguo.

Umepaka jeli halafu unapuliza? Acha kujichosha. Jeli haikaushwi na upepo, inagandishwa na mwanga wa taa ya UV. Rangi ya kawaida ndiyo hukauka yenyewe, na ndani yake mna nitroselulosi, kemikali ile ile inayotumika kutengeneza baruti ya risasi! Chupa yako iweke mbali na jiko.

Hina je? Hiyo ikishashika ukucha, mwaga asetoni utakavyo, haitoki. Utangoja ukucha wenyewe uote, uukate kidogo kidogo. Bibi harusi wa Zanzibar au Mombasa anaweza kumaliza fungate zamani, na kucha bado zinamsema.

Na ukienda kufanyiwa upasuaji, usishangae muuguzi akikwambia utoe rangi. Kile kifaa cha kubana kidoleni hupima oksijeni kwa kupitisha mwanga, na rangi nzito huweza kukidanganya.

Dodoma nako? Septemba 2018, Spika wa wakati huo, Job Ndugai, alipiga marufuku kucha na kope za kubandika bungeni!

Lakini Seoul, 1988, mwanariadha Florence Griffith Joyner alikimbia mita 200 kwa sekunde 21.34, kucha ndefu zikimeremeta rangi. Rekodi hiyo bado haijavunjwa. Halafu mtu akwambie kucha ndefu zinachelewesha kazi!