Klabu ikitaka chipukizi asihame, ianze kwa kulinda goti lake

UKIPITA karibu na uga wowote wa Kitale au Bungoma Jumamosi alasiri, msomaji, huenda ukamwona kijana wa miaka 14 hivi akiwachenga wakubwa wake huku mashabiki wakimpigia makofi. Mtazame vizuri mechi ikiisha. Je, anachechemea? Je, ameinama akishika goti? Makofi yalisikiwa na wote, lakini maumivu anayajua yeye peke yake. Mara nyingi hatayasema, kwa kuwa anajua wako wenzake kadhaa wanaoingojea jezi yake.

Sehemu hii ya nchi ina vipaji vingi. Shule kama St. Anthony's ya Kitale kwa wavulana, na Wiyeta na St. Joseph's kwa wasichana, zimejulikana kwa soka kote nchini. Pan Paper ya Webuye na Nzoia Sugar ya Bungoma ziliwahi kushiriki ligi kuu ya taifa. Oktoba 2024, wasichana wa Kenya wasiozidi miaka 17 walicheza Kombe la Dunia katika Jamhuri ya Dominika, wakawa timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika fainali za Kombe la Dunia katika ngazi yoyote. Si ajabu basi kwamba wasaka vipaji hawakosekani viwanjani.

Hapo ndipo kilio cha klabu ndogo huanzia. Klabu humlea mtoto tangu akicheza miguu mitupu, humtafutia viatu na nauli, kisha siku moja timu kubwa ya Nairobi humpigia mzazi simu na kijana akaondoka. Zamani timu za kampuni zilikuwa na chambo: mchezaji mzuri alipewa kazi kiwandani. Lakini kiwanda cha karatasi cha Webuye kilifungwa mwaka wa 2009, na klabu nyingi za mitaani hazina mshahara wa kumpa mtu.

Klabu isiyo na pesa hujaribu kumshika chipukizi kwa njia nyingine. Kuna wanaomficha asionekane, wanaozuilia cheti chake cha kuzaliwa, na wanaomchezesha kila mechi ili wamtumie kabla hajaondoka. Njia hii ya mwisho ndiyo inayotuhusu zaidi katika ukurasa huu, kwa maana inaweza kumharibu kijana kabla ya klabu yoyote, ndogo au kubwa, kufaidika naye.

MIFUPA INAYOKUA

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Katika malezi ni kweli, lakini katika mifupa tuwe waangalifu. Mfupa wa mtoto hukua kutoka sehemu laini zilizo karibu na ncha zake. Sehemu hizo ni dhaifu kuliko mfupa uliokomaa, na misuli ya paja inapozivuta kila siku kwa kukimbia, kuruka na kupiga mpira, huvimba na kuuma.

Dalili yake ya kawaida ni uvimbe mgumu chini kidogo ya kifuniko cha goti, unaouma kijana anapopiga magoti au kupanda ngazi. Madaktari huuita ugonjwa wa Osgood-Schlatter, na huwapata hasa wenye miaka 10 hadi 15, wakati wanaporefuka haraka. Maumivu ya namna hiyo hutokea pia kwenye kisigino kwa watoto wadogo zaidi.

Habari njema ni kwamba hali hii kwa kawaida hupona yenyewe mifupa inapokomaa. Dawa kubwa ni kupunguza mbio na mechi, kuweka barafu au kitambaa cha maji baridi baada ya mazoezi, na kunyoosha misuli ya paja taratibu. Kitu kisichofaa ni sindano ya kutuliza maumivu ili kijana amalize fainali. Maumivu ni kengele. Ukiikata kengele, moto haujazimika.

Kosa jingine ni kukanda. Kijana akiteguka kifundo cha mguu leo, wengi hukimbilia maji moto na mtu wa kumkanda kwa nguvu. Katika siku mbili za kwanza joto na kukanda huongeza uvimbe. Tumia baridi, funga kwa bendeji, inua mguu, na umpumzishe. Asipoweza kukanyaga hatua nne, mpeleke hospitali apigwe picha ya eksirei.

TIMU TATU, MWILI MMOJA

Mwulize mwanao anachezea timu ngapi. Huenda ukashangaa. Kuna ya shule, kuna ya klabu, na kuna ya mtaa inayoshiriki kombe la mwanasiasa wakati wa likizo. Kila mkufunzi humhesabia mechi zake mwenyewe, na hakuna anayezijumlisha. Kazi hiyo ya kujumlisha ni yako, mzazi.

Madaktari wa michezo hupendekeza kanuni rahisi: saa za mazoezi na mechi kwa wiki zisizidi umri wa mtoto. Wa miaka 13 asizidi saa 13. Apate angalau siku moja nzima ya kupumzika kila wiki, na kwa mwaka apate miezi miwili au mitatu bila soka ya mashindano. Mapumziko hayo hayaui kipaji, bali huupa mwili nafasi ya kujijenga upya.

Akigongwa kichwani kisha akaonekana kuduwaa, kusahau matokeo au kutaka kutapika, atoke uwanjani na asirudi siku hiyo, hata kama ni yeye mpigaji penalti. Aonwe na daktari kabla ya kucheza tena.

MALARIA, BANDAMA NA DAMU

Kitale iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, nayo Bungoma karibu mita 1,400. Tofauti hiyo ina maana kwa afya. Bungoma malaria haikauki, ilhali kijana wa Kitale aliyezoea baridi hana kinga kubwa anaposafiri kwenda kucheza nyanda za chini. Timu ikilala ugenini, wachezaji walale ndani ya chandarua. Homa ikianza, kijana apimwe damu kwanza, kisha amalize dawa zote hata akijisikia nafuu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba malaria huvimbisha bandama, kiungo kilicho chini ya mbavu za kushoto. Bandama iliyovimba inaweza kupasuka mchezaji anapogongwa kwa kiwiko au goti, na damu ikavujia tumboni. Kwa hivyo anayetoka kuugua asirudishwe uwanjani kwa sababu tu homa imeshuka. Daktari ampapase tumbo kwanza na kumruhusu.

Vilevile, magharibi mwa Kenya ni miongoni mwa sehemu zenye watu wengi wenye chembe za selimundu katika damu. Aliye na ugonjwa wenyewe kwa kawaida hujulikana mapema. Aliyerithi kwa mzazi mmoja tu huonekana mzima kabisa, ila akikimbizwa sana kwenye jua bila maji anaweza kuanguka ghafla. Anaweza kucheza, lakini anywe maji ya kutosha na aruhusiwe kupumzika anaposema amechoka. Mkufunzi asimwite mvivu.

WASICHANA WASISAHAULIWE

Wasichana wanaocheza soka huumia kano za ndani ya goti mara nyingi kuliko wavulana. Kano hiyo ikikatika, mchezaji hukaa nje miezi mingi, na upasuaji wake ni ghali. Pia hupoteza damu kila mwezi, hivyo hupungukiwa madini ya chuma. Binti anayehema upesi kuliko kawaida yake apimwe damu. Akikosa hedhi miezi mitatu mfululizo, huenda mwili wake unatumia nguvu nyingi kuliko chakula anachopata. Kwa hiyo kila klabu ya wasichana iwe na mama au dada mmoja wanayeweza kumwambia mambo haya bila haya.

Chakula chenyewe si lazima kiwe cha hoteli. Ugali kwa maharagwe, omena, mayai, maziwa, sukuma wiki, njugu karanga na uji wa wimbi vinatosha. Ila chai isinywewe pamoja na chakula, kwa maana huzuia mwili kupata madini ya chuma. Ingojee saa moja hivi. Na kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi kila usiku.

DAKIKA 20 TU

Kuna mpango wa mazoezi ya kupasha mwili moto uitwao FIFA 11+, unaochukua kama dakika 20 na usiohitaji kifaa chochote ila mpira. Huwa na kukimbia polepole, kusimama kwa mguu mmoja, kuchuchumaa na kuruka kwa mtindo sahihi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2008 kuhusu wasichana zaidi ya 1,800 wa Norway ulionyesha kwamba majeraha yalipungua kwa karibu thuluthi moja. Huko Lagos, Nigeria, utafiti wa vijana 416 uliochapishwa mwaka wa 2014 ulionyesha yalipungua kwa asilimia 41. Basi hata klabu isiyo na senti inaweza kumpa chipukizi kitu chenye thamani kubwa.

KARATASI NAZO NI AFYA

Mzazi, usitie sahihi mkataba ambao hujausoma. Kwa kanuni za FIFA, aliye chini ya miaka 18 hawezi kufungwa kwa mkataba unaozidi miaka mitatu, na hawezi kuhamishwa kwenda klabu ya nchi nyingine ila kwa sababu chache maalumu. Anayekuahidi Ulaya kwa mtoto wa miaka 15 mwulize maswali magumu. Uliza pia: akiumia, nani atalipa hospitali? Hakikisha familia yako imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

Wala usikubali umri wake upunguzwe. Tangu mwaka wa 2009 FIFA imekuwa ikitumia picha za mfupa wa kifundo cha mkono kuwapima wavulana wa mashindano ya chini ya miaka 17. Tena, mtu mzima aliyejificha kati ya watoto huwavunja miguu.

Nawe kiongozi wa klabu, elewa kwamba kijana kuondoka si lazima iwe hasara. FIFA hutambua malezi ya mchezaji kuanzia mwaka anaotimiza miaka 12 hadi 21. Akija kutia sahihi mkataba wa kulipwa na klabu ya nchi nyingine kabla ya umri kupita, klabu zilizomlea zinaweza kudai fidia, mradi alisajiliwa rasmi nazo. Kwa uhamisho wa humu nchini, andikianeni mapema. Lakini hakuna anayelipia goti lililokwisha.

Kijana hubaki pale anapoona anathaminiwa. Akiambiwa "mwanangu, pumzika wiki mbili, nafasi yako ipo," atakumbuka. Na hata akihama, atahama akiwa mzima, na jina la klabu yako litakuwa kwenye usajili wake. Jumamosi ijayo, mechi ikiisha, usimpigie makofi tu. Mwite kando umwulize anaumwa wapi.