Swali la Glavu

Msimamizi wa kazi akinijia, awe ni wa maghorofa mapya yanayozidi kuota Hamza na Maringo au ni wa ghala la vyuma kando ya barabara ya Lunga Lunga, na akisha kunisalimu na kuniita mwalimu, huwa ninalijua tayari neno litakalofuata salamu yake, kwa kuwa ni lile lile lililowatoka wenzake wote waliomtangulia: kijana wake mmoja amebanwa vidole wakati wa kuinua mzigo, naye anataka nimwambie anunue glavu gani, iliyo nene kuliko zile alizonunua mara iliyopita. Haniulizi kijana alikuwa ameuweka wapi mkono wake. Haniulizi ni nani aliyempa dereva wa kreni ishara ya kuinua, wala kama ishara hiyo ilitoka kwa mtu mmoja au kwa watu watatu waliokuwa wakipiga kelele kwa pamoja. Ameshakata shauri kwamba taksiri ni ya ngozi ya glavu, na haja yake kwangu ni jina la duka.

Sina nia ya kumfedhehesha mtu, ila yanipasa kusema wazi kwamba haijapata kushonwa glavu, kwa bei yoyote iwayo, itakayokizuia kidole kisisagike maadamu kidole hicho kimo kati ya kamba inayokazwa na mzigo unaoinuliwa. Na anayewauzia watu dhana hiyo, awe yuko dukani nyuma ya kaunta au yuko mkutanoni na kofia nyeupe kichwani, anauza ghururi.

Itikadi hii naijua ilikozaliwa: imezaliwa miguuni. Fundi ameona buti lenye kikombe cha chuma likiangukiwa na tofali au bomba, na mwenye buti akatoka salama akicheka, naye akakisia kwamba likiwezekana la mguu litashindikana vipi la mkono. Hesabu yake ingekuwa sahihi kama mkono ungekuwa haukunjwi. Buti la kazi la kiwango cha kimataifa hupimwa kwa pigo la jouli 200 juu ya vidole vya mguu, na hilo huwezekana kwa sababu vidole vya mguu havitakiwi kushika kitu, vimelala tu ndani ya kikombe chao. Ilhali glavu, ili iwe glavu, haina budi iache vidole vikunjike, na kinachokunjika hakiwezi kuwa boma. Kipimo cha Ulaya kiitwacho EN 388, ambacho alama zake zimepigwa chapa mgongoni mwa glavu nyingi zinazouzwa mjini Nairobi, tangu asili hupima msuguano, mkato, mchaniko na mchomo. Kubanwa hakumo. Mwaka 2016 kiliongezewa kipimo cha pigo, kwa glavu zile zenye matuta ya mpira mgongoni ambazo wasimamizi wanazihusudu mno, na pigo lenyewe ni la jouli 5, linalotua juu ya vifundo, wala si kwenye ncha za vidole. Jouli 5 ni pakiti ya unga ya kilo mbili inapoanguka kutoka kimo cha robo mita. Mzigo wa kilo 100 tu, na huo katika kazi yetu ni mzigo wa mzaha, ukishuka sentimita 5 huja na jouli 49.

Na hapo nimesema juu ya mzigo unaoanguka, ambao angalau hupiga mara moja ukaisha. Kamba inayokazwa haina huruma hiyo. Mzigo ukiinuliwa kwa kamba mbili zilizotoka kulabu moja, kila kamba huchukua zaidi ya nusu ya uzito, na kadiri kamba zinavyolala ndivyo zinavyoelemewa: tani moja ikiinuliwa kwa kamba zilizosimama kwa nyuzi 60 kutoka usawa wa ardhi, kila kamba inavutwa kwa kilo 577 hivi, na zikilala hadi nyuzi 30 kila moja inavutwa kwa tani nzima, kana kwamba mwenzake hayupo. Mvuto huo ndio unaoikandamiza kamba kwenye pembe ya mzigo, na kwenye pembe hiyo ndipo kijana alipoweka vidole vyake vitatu, kwa sababu kamba ilikuwa ikiteleza naye alitaka ikae pazuri. Nisaidie basi, bwana msimamizi: ngozi ya milimita mbili itafanya nini hapo?

Nenda katazame mafundi wanaotoa injini ya matatu pembezoni mwa Jogoo Road, mahali popote kuanzia City Stadium hadi karibu na Buruburu. Wamesimamisha mabomba matatu wakayafunga vichwa, wakatundika mashine ya mnyororo katikati. Mmoja anavuta mnyororo wa mkono kwa raha zake, pingili kwa pingili, na mashine inalia tik-tik-tik. Mwingine ameinama ndani ya boneti, ameshikilia kulabu kwa kidole gumba na cha shahada ili isichomoke kwenye sikio la injini mpaka mnyororo ukaze. Wote wawili wanaamini kwamba hapana hatari, kwani jambo linakwenda polepole. Lakini upole huo ndio hadaa yenyewe: mashine ile humpa mvutaji nguvu nyingi kwa mwendo mdogo, hata mikono yake haihisi tofauti kati ya kukaza mnyororo mtupu na kukaza mnyororo ulioshika kidole cha mwenzake, na ukelele ukisikika, kile kitasa kinacholia tik-tik hakiruhusu mzigo urudi ghafla, ni lazima mvutaji ageuze mnyororo na kuulegeza pingili kwa pingili vile vile, na mwenzake angali amenaswa. Mpe kijana huyo glavu nene. Atakuwa ameongeza unene wa kitu kinachobanwa, amepunguza hisia ya kumjulisha kwamba ncha ya kidole imekwisha kuguswa, na, lililo baya kuliko yote, amepata ushujaa wa kuuacha mkono pale kwa nukta moja zaidi.

Penye kitu kinachozunguka ubaya huzidi. Juu ya mapaa ya maghorofa yanayojengwa kuna winchi ndogo za umeme za kupandishia zege, na mimi nimekwisha kuona mtu aliyevaa glavu za ngozi akiielekeza kwa kiganja kamba ya waya ipate kujipanga vizuri kwenye ngoma ilhali ngoma inazunguka. Kamba ya waya iliyochakaa huchomoza nyuzi zilizokatika, kali kama miiba. Mkono mtupu ukichomwa hujitoa wenyewe kwa uchungu kabla mwenyewe hajafikiri, bali uzi huo ukikamata ngozi iliyoshonwa kwa uzi wa nailoni, ngozi haikatiki, na mwenye glavu huifuata glavu yake. Pete nayo ina tabia hiyo hiyo, na mwenye kushuku na amwulize mpasuaji yeyote pete hufanya nini kwa ngozi ya kidole inaponaswa na mwili unaendelea kushuka.

Hivi karibuni nasikia faraja nyingine, ya kwamba siku hizi madaktari hurudisha viungo. Ni kweli kwamba mwaka 2018, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, wapasuaji walimrudishia kijana mkono uliokatwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, nayo ilikuwa kazi ya kujivunia. Lakini makali ya mashine ile hukata, na kamba ya kreni husaga, na tofauti baina ya mawili hayo ndiyo tofauti baina ya mshono na majivu. Mshipa wa damu wa kidole una upana wa milimita moja hivi. Huungwa chini ya darubini kwa uzi mwembamba kuliko unywele, na ili uungwe sharti ncha zake ziwe nzima. Kilichosagwa hakina ncha.

Juu ya ugoro, majani ya chai na mafuta ya breki yanayopakwa jerahani, na juu ya wakandaji wa mtaani wanaoahidi kuinyosha mifupa ya kidole kilichopondeka sitapoteza wino. Hayo yote huleta usaha, na ukandaji humalizia kazi ambayo kamba iliiacha nusu.

Linalofaa ni rahisi na halina fahari, na labda ndiyo sababu halipendwi. Mkono usiwepo. Kamba ikisha kuvishwa mzigoni, iruhusiwe kukaza hadi ulegevu uishe, kreni isimame, kila mtu aondoe mikono na aionyeshe, ndipo ishara ya kuinua itolewe na mtu mmoja peke yake, anayejulikana kwa dereva. Ishara ya kusimama pekee ndiyo inayoweza kutolewa na yeyote. Kamba ikihitaji kuzuiliwa inapokaza, izuiliwe kwa kijiti, au kwa kiganja kilichofunguliwa kikisukuma kutoka nje, kamba isizungushiwe vidole. Mzigo unaoning'inia uongozwe kwa kamba ndefu iliyofungwa pembeni, isiyozungushwa kiganjani, au usukumwe kwa upondo, kama wafanyavyo siku hizi kwenye majukwaa ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini. Upondo wa mti mkavu unapatikana Gikomba kwa bei isiyofikia jozi moja ya zile glavu zenye matuta. Mahali pa kutua mzigo pawekwe magogo mapema, mzigo ukiwa bado mbali, ili asiingize mtu mkono chini yake mwishoni. Bunda la nondo lisiinuliwe kwa waya uliolifungia. Pete zivuliwe. Glavu za ngozi zinazokaa mkono sawasawa zivaliwe wakati wa kubeba na kuvisha kamba ya waya, kwani hapo zina faida ya kweli dhidi ya miiba na msuguano, na zivuliwe mbele ya ngoma inayozunguka, ambako mkono wenyewe hauna ruhusa kufika. Minyororo na kamba zichunguzwe na mtaalamu aliyeidhinishwa kila miezi sita, kama Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inavyoagiza, nazo ziwe na alama ya uzito zinaoruhusiwa kubeba. Isiyo na alama ikatwe vipande siku hiyo hiyo, la sivyo kesho itaonekana kazini tena. Na mwajiri anayeona haya ni gharama na aisome Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka ule ule, inayohesabu ulemavu kamili kwa mshahara wa miezi 96 na kidole kwa fungu lake, kisha apige hesabu mwenyewe.

Ajali ikisha kutokea, kiungo kilichokatika kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko usiopenya maji, na mfuko huo ndio uwekwe kwenye maji ya barafu. Kidole kisiguse barafu, kwa maana barafu hukiua. Jeraha likandamizwe kwa kitambaa safi, lisifungwe kwa waya wala kwa mpira wa tairi, na mkono uinuliwe juu. Limebaki moja ambalo hata wauguzi huweza kulipuuza. Bomba la haidroliki la kreni likivuja, kuna watu wanaolitafuta tundu kwa kupitisha kiganja, badala ya kupitisha kipande cha kadibodi. Mafuta yanayotoka kwa shinikizo lile hupenya ngozini kama sindano, yakaacha kidoa tu, pasi na maumivu makubwa kwa saa za mwanzo, ilhali ndani yanazidi kutambaa na kuuoza mkono. Mtu huyo asipelekwe nyumbani akanywe dawa ya maumivu. Apelekwe kwa mpasuaji usiku ule ule, na anayempeleka amwambie daktari waziwazi kwamba ni mafuta ya mashine yaliyoingia kwa nguvu, na ya aina gani, kwa sababu asipoambiwa ataona tundu dogo na kulibandika plasta.